Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: "Hasi" ya homa ya ini B haitoshi

Ndugu Mganga Mkuu,

Sisi wataalamu wa maabara tunakuomba ubadilishe fomu ya majibu ya homa ya ini B kwa watumishi wa afya na wanafunzi wanaokwenda mafunzo kwa vitendo. Fomu zinazotufikia huuliza hasi au chanya, basi. Jibu hilo hutoka kwenye kipimo cha haraka cha antijeni ya uso, HBsAg, yaani protini ya ganda la kirusi; kipimo hicho huonyesha kama virusi vimo mwilini sasa. Kuhusu kinga hakisemi lolote. Muuguzi mwenye "hasi" mkononi anaweza kuchomwa na sindano kesho akiwa hana kinga hata kidogo.

Kinachokosekana ni vipimo vya kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na virusi. Anti-HBs, kingamwili dhidi ya antijeni ya uso, ikifika mIU 10 (kizio cha kupimia kingamwili) kwa mililita baada ya chanjo kamili, mtu amekingika. Anti-HBc, kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, haitokani na chanjo, inatokana na maambukizi. Zikionekana zote mbili na HBsAg ni hasi, aliugua akapona. Anti-HBc ikiwa peke yake ndipo kazi ilipo: huenda ni maambukizi ya zamani, huenda kipimo kimekosea, au antijeni imeshatoweka na anti-HBs bado haijajitokeza. Aliye katika hali hiyo ya mwisho hunaswa kwa kupima anti-HBc aina ya IgM, kingamwili ya maambukizi mapya.

Muda nao huharibu majibu. HBsAg ikipimwa siku chache baada ya kuchanjwa, inaweza kuwa chanya kwa sababu ya chanjo yenyewe. Damu ya kipimo hicho itolewe kabla ya sindano ya chanjo. Anti-HBs ipimwe mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya tatu. Ukisubiri miaka, kiwango kinaweza kushuka chini ya 10 hata kwa aliyekingika, na hutamtofautisha na yule ambaye chanjo haikumshika.

Kipimo cha haraka kisomwe ndani ya dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi 15. Kikisahaulika mezani hukauka, na mstari hafifu huweza kujitokeza usiokuwa na maana yoyote. Mstari wa udhibiti, unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, usipotokea, jibu ni batili. Lisiandikwe hasi, kipimo kirudiwe.

Tunaomba fomu iwe na nafasi ya HBsAg, anti-HBc na anti-HBs, hii ya mwisho ikiandikwa kwa namba, pamoja na tarehe ya dozi ya mwisho. Mwenye anti-HBs chini ya 10 mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi tatu apewe tatu nyingine, kisha apimwe tena.

Wataalamu wa maabara