Habari za protini kwenye damu: ulizeni sampuli ilishikwaje

Mhariri,

Kila zinapoandikwa habari za protini za damu zinazosemekana kufichua saratani au maradhi ya kusahau, sifa humwagiwa mashine ya maabara inayozipima: imesoma maelfu ya protini kwa mkupuo mmoja. Mashine za leo ni hodari kweli. Lakini kinachoipa orodha hiyo maana, au kuiharibu, mara nyingi kimeshatokea kabla sampuli haijaingia humo, na hicho hakiandikwi.

Tuanze na kichupa cha damu. Damu ikiachwa igande ili ipatikane seramu, chembe sahani (chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda) humwaga protini zao kwenye majimaji. Ikiwekwa kemikali ya EDTA isigande, hupatikana plazima. Ila isipozungushwa vya kutosha kwenye sentrifuji, chembe sahani hubaki humo, zikagandishwa kwenye nyuzijoto 80 chini ya sifuri, kisha zikapasuka siku ya kuyeyushwa. Seli nyekundu zikipasuka, himoglobini hutapakaa kote. Sasa chukulia damu ya wagonjwa imekaa mezani saa 4 na ya wazima imeshughulikiwa ndani ya nusu saa. Tofauti itakuwa kubwa, itapita vipimo vyote vya takwimu, na haitahusu ugonjwa hata kidogo.

Mfano upo. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa seramu uliodai kutambua wagonjwa wote 50 wa saratani ya ovari, na kuwaweka sawa 63 kati ya watu 66 wasio nayo. Wanatakwimu walipozichambua upya data zilizotolewa hadharani, walikuta baadhi ya alama za kutenganisha makundi zimo katika eneo ambalo mashine hutoa kelele tu, yaani ishara zisizo na maana, pamoja na dalili za sampuli kutoshughulikiwa kwa namna moja.

Hata damu ikiwa safi, maabara ina mitego yake. Kwa kawaida protini hukunjuliwa kwa kemikali ya yurea yenye ukolezi wa molari 8, viungo vya salfa hukatwa na kuzibwa, kisha tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, gramu 1 kwa kila gramu 50 za protini, huachwa ikate usiku kucha kwenye nyuzijoto 37, ili vipatikane vipande vifupi (peptidi) ambavyo mashine husoma. Hukata baada ya lisini na ajinini, mbili kati ya asidi amino zinazojenga protini. Yurea isipozimuliwa kwanza hadi chini ya molari 2, tripsini hulegea na kuacha vipande virefu visivyokatwa. Na anayepasha yurea moto ili kuharakisha kazi hujitafutia balaa: hutoa sayaneti, ambayo hunata kwenye lisini na kuongeza uzito wa daltoni 43 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Tripsini haiitambui tena lisini hiyo, na programu ya kutambua peptidi ambayo haikuambiwa itafute ongezeko hilo itapita bila kuona kitu. Keratini ikiongoza orodha, hiyo ni ngozi na nywele za mtu wa maabara.

Neno "haikuonekana" nalo lisomwe kwa tahadhari. Albumini peke yake ni kama nusu ya protini zote za plazima, miligramu 35 hadi 50 kwa mililita. Interlukini-6, protini ya ishara ya kinga ya mwili, kwa mtu mzima wa afya huhesabiwa kwa pikogramu (sehemu ya bilioni ya miligramu) kwa mililita. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara bilioni moja, na kuiondoa albumini huondoka pia na protini zilizoishikilia.

Tena ile "asilimia 1 ya makosa" inayotajwa, yaani kiwango cha utambuzi wa uongo kinachokubaliwa: mara nyingi ni ya peptidi, si ya protini. Peptidi sahihi hurundikana kwenye protini zilezile. Za makosa hutawanyika, kila moja ikizua protini yake ya uongo. Kwa hiyo asilimia 1 ya peptidi inaweza kuwa kubwa zaidi inapofika kwenye protini, na protini iliyotajwa kwa peptidi moja tu ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza.

Mwandishi hahitaji kuwa mwanakemia ili auulize utafiti maswali haya: ilikuwa seramu au plazima? Ilikaa muda gani kabla ya kugandishwa? Sampuli za wagonjwa na wazima zilichanganywa katika kila mkupuo, au wagonjwa walipimwa Jumatatu na wazima Ijumaa? Na protini hiyo imeonekana tena kwa kundi jingine la watu, waliotolewa damu mahali pengine?

Msomaji wenu