Ndoo moja ya maji yatosha kumwokoa aliyeungua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wenyeviti wa mitaa ya Nyamagana na Ilemela, hapa Mwanza.

Mtoto akimwagikiwa na uji wa moto kule Mabatini, Igogo au Bugarika, majirani hawakawii. Kila mmoja anakuja na dawa yake: dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano, mafuta ya kula. Maji hayamo. Vitu hivyo havipoozi moto uliokwishaingia kwenye ngozi, na hospitalini muuguzi atalazimika kuvibandua juu ya kidonda kibichi. Mtoto anaumia mara ya pili kwa sababu yetu.

Jeraha la moto linataka maji safi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20, huku mwili uliobaki umefunikwa asipate baridi. Kisha kitambaa safi, na safari ya hospitali. Najua watu watauliza: maji yaliyopandishwa kichwani kwenye mawe, yamwagwe hivihivi? Ndoo ya lita 20 inatoa lita moja kwa kila dakika. Mtu anachota kwa kikombe, anamimina polepole, beseni linakinga chini. Inatosha.

Huku mlimani gari la wagonjwa halifiki. Mgonjwa hushushwa mgongoni hadi barabarani, ndipo ipatikane bajaji ya kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Kwa hiyo siafiki kabisa wanaosema huduma ya kwanza ni kazi ya wauguzi.

Mialoni nako, aliyeopolewa ziwani bado anabinuliwa kichwa chini na kubonyezwa tumbo atoe maji, wakati hapumui. Anachohitaji ni kupuliziwa hewa mdomoni na kukandamizwa kifua mfululizo. Mji uliozika watu wa MV Bukoba, meli iliyozama ziwani, pale Igoma mwaka 1996 ungepaswa kulijua hilo kuliko mji mwingine wowote.

Mabango hayatatusaidia. Mama anaposhinda Mwaloni akiuza dagaa, mlezi ni bibi, na neno la bibi ndilo linalofuatwa mtoto anapoungua. Aelimishwe yeye kwanza, kwa heshima, na ashike kikombe kwa mkono wake.

Wenyeviti, katika mkutano ujao wa mtaa mpeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii nusu saa, kabla watu hawajachoka na ajenda za mapato na matumizi. Na tangazo liwataje bibi zetu waziwazi kwamba wanasubiriwa.

Mkazi wa Mabatini,
Mwanza