Kwa Gavana wa jimbo la Maine, Marekani: bunduki ichukuliwe, lakini mwenyewe asikilizwe

Mheshimiwa Gavana Janet Mills,

Nakuandikia kutoka Lewiston, kwa lugha ambayo ofisi yako itabidi iitafutie mkalimani. Si kejeli, ndilo jambo lenyewe ninalotaka kulisema.

Tarehe 25 Oktoba 2023 watu 18 waliuawa mjini kwetu, wengine kwenye ukumbi wa boling, wengine baa. Mke wa zamani wa muuaji na mwanawe walishawaambia polisi tangu Mei kwamba akili yake haiko sawa na silaha anazo. Septemba afisa wa sherifu alibisha mlangoni kwake, hakufunguliwa, akaondoka. Tume mliyoiunda baadaye ilisema sababu za kumkamata kwa sheria ya bendera ya njano, ile ya Maine ya kumnyang'anya mtu hatari silaha kwa muda, zilikuwepo.

Kwa hiyo sibishani na wapiga kura waliopitisha sheria mpya ya lengo hilohilo, bendera nyekundu, Novemba 2025. Sheria ya njano ilitaka polisi wamshike mtu kwanza, apimwe na daktari, ndipo jaji aulizwe. Nyekundu inamruhusu ndugu aende moja kwa moja mahakamani. Wewe uliipinga. Mimi ningeipigia kura, ila nina grini kadi tu, si uraia. Nina pia bastola niliyoinunua kihalali. Aliyekulia Kivu Kusini hana haja ya kufafanuliwa kwa nini mtu anataka kujilinda usiku polisi wakiwa mbali.

Hofu yangu iko kwenye zile siku kati ya amri ya dharura, inayotolewa mwenye bunduki hayupo, na siku ya kusikilizwa. Watetezi wa sheria hii hukimbilia kesi ya Rahimi ya 2024, ambapo majaji wanane kati ya tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubali mtu hatari anyang'anywe silaha kwa muda. Sawa. Lakini Rahimi, aliyewekewa amri ya mahakama ya kumlinda mpenzi wake wa zamani, alikuwa amepewa taarifa na nafasi ya kujitetea kabla amri hiyo haijatoka. Mwaka 2021 mahakama hiyohiyo, majaji wote kwa kauli moja, ilikataa polisi kuingia nyumbani kwa mtu bila hati na kubeba bunduki zake kwa kisingizio cha kumjali. Mipaka ipo, na bado haijapimwa yote.

Na mlangoni ndipo watu hufia. Novemba 2018 huko Maryland, polisi walipeleka amri ya namna hii alfajiri. Mwenye nyumba alifungua akiwa na bastola mkononi, wakampiga risasi akafa. Sasa mweke hapo mtu aliyetoka Uvira au Fizi, anayejua kwamba wanaogonga saa kumi na moja alfajiri hawaji kwa heri, na Kiingereza chake ni cha kiwandani.

Nimewahi kumwona binti wa darasa la saba akimsomea mama yake barua ya mahakama, mezani, chai ikipoa. Maneno asiyoyajua aliyaruka. Miongoni mwa aliyoyaruka ni yale yasemayo kwamba usipofika, uamuzi utatolewa bila wewe.

Najua mahakama haziko chini yako. Polisi wa jimbo wako chini yako, na bajeti unaipeleka bungeni wewe. Naomba amri na wito vitafsiriwe Kiswahili, Kifaransa, Kilingala, Kireno na Kisomali. Mkalimani aliyeapa awepo, hata kwa simu, polisi wanapofika na siku ya shauri. Mtoto wa nyumbani asibebeshwe kazi hiyo. Amri zipelekwe mchana, isipokuwa jaji ameandika sababu ya kufanya vingine. Muda wa amri ukiisha, silaha irudishwe bila mtu kuzungushwa ofisi hadi ofisi.

Fomu hizohizo za Kiswahili zitamfaa pia mke anayemwogopa mumewe na hajui pa kuanzia. Leo akienda mahakamani, atamtegemea nani amwandikie ombi? Mara nyingi ni mumewe ndiye anayejua Kiingereza.

Wako,
Mkazi wa Lewiston