Hesabuni vishada kabla ya kuleta kazi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua. Mimi ni mdarizi. Mwaka wa 19 huu nimeinamia cherehani nikishona bendera za kanisa, vitambaa vya altare na ngao, yaani nembo, za maaskofu wapya wa Kanisa Katoliki. Leo nina neno kuhusu kofia.

Watu wakitazama ngao ya askofu, macho hukimbilia katikati penye nyota, simba au kitabu. Mimi huanza juu. Pale pana kofia ya ukingo mpana, na kutoka kila upande wake kamba inashuka ikiwa na vishada vya nyuzi. Hivyo vishada ndivyo cheo chenyewe. Askofu ana kofia ya kijani na vishada 6 kila upande: kimoja, chini yake viwili, kisha vitatu. Askofu Mkuu naye ni kijani, ila huongezewa safu ya nne, vikawa 10. Kadinali ni nyekundu, safu tano, vishada 15 kila upande. Kofia hiyo nyekundu makadinali walipewa na Papa Inosenti IV katika Mtaguso wa Lyon, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1245. Siku hizi haivaliwi tena, imebaki kwenye ngao.

Kuna mteja aliniletea karatasi aliyoichapisha kutoka kwenye simu, kazi ya kesho kutwa, ya askofu mteule. Nikadarizi vilevile nilivyoona, usiku kucha, uzi wa kijani ukaniishia mara mbili. Padre mzee alipokuja kuichukua alivaa miwani, akaanza kugusa vishada kimoja kimoja kwa kidole.

"Mwanangu," akasema, "umempandisha cheo kabla ya Roma."

Vilikuwa 10 kila upande. Nikafumua vinane, safu yote ya chini kulia na kushoto. Matundu ya sindano hayakufutika. Ukiisogelea ngao ile unayaona.

Kero nyingine ni mitra, ile kofia ndefu ya ibada ya askofu, na fimbo ya kichungaji. Agizo la Sekretarieti ya Vatikano la 31 Machi 1969 liliviondoa katika ngao za makadinali na maaskofu. Nyuma ya ngao ukabaki msalaba: wa mkono mmoja kwa askofu, mikono miwili kwa Askofu Mkuu. Wateja hunibishia: "Mbona Papa ana mitra?" Papa ni habari nyingine. Benedikto XVI ndiye aliyeweka mitra yenye mistari mitatu ya dhahabu mwaka 2005, mahali pa taji la ngazi tatu, na Fransisko akaiacha hivyo. Nawe, ndugu yangu, hukuniagiza ngao ya Papa.

Bendera ya Vatikano nayo tunaitesa. Ni ya mraba, nasi tunainyoosha iwe mstatili ili ilingane na za nchi nyingine jukwaani. Njano hukaa upande wa mlingoti. Nyeupe ndiyo yenye taji na funguo mbili, wa dhahabu na wa fedha, meno yakielekea juu mbinguni na vishikio chini, kwa mwenye kuzishika. Nimeshaletewa mchoro wenye meno chini, kama funguo za ghala zilizotundikwa msumarini. Tena kuna picha iliyozagaa mtandaoni kwa miaka, yenye wekundu chini ya taji usiokuwamo katika bendera halisi. Nilishona mbili za namna hiyo kabla sijashtuka, na sijui zinapepea wapi.

Ombi langu kwa kamati za sherehe ni dogo. Leteni mchoro uliotoka ofisi ya jimbo, si picha ya kutumiana kwenye simu. Na mje mapema: vishada 30 vya kadinali, nikivishona vizuri, vinanila siku mbili.

Wasalaam,
Mdarizi, msomaji wako