Taichi na kinga ya mwili: andikeni kipimo chake

Mhariri,

Kurasa za afya magazetini huwahimiza wazee wafanye taichi, yale mazoezi ya polepole ya Kichina, pamoja na kutuliza akili, ili wapate kinga imara. Himizo ni jema. Linalokosekana ni kipimo na namna ya kufanya, ndiyo maana wengi huacha wiki ya pili, goti likiwauma.

Tuanze na kilichopimwa. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiongozwa na Michael Irwin, walichapisha matokeo ya watu 112 wenye afya, wa umri wa miaka 59 hadi 86. Kundi moja lilifanya taichi dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 16. La pili lilipewa masomo ya afya tu. Kisha wote wakapewa chanjo ya tetekuwanga, ugonjwa ambao virusi vyake hujificha kwenye mishipa ya fahamu na kuibuka uzeeni kama mkanda wa jeshi. Kinga dhidi ya virusi hivyo ilipanda kwa wana taichi karibu maradufu ya wenzao. Msomaji azingatie mambo mawili: ni wiki 16, tena chanjo ilikuwapo. Anayeahidi matokeo ndani ya wiki moja anadanganya.

Sasa namna yenyewe. Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamekunjwa kidogo tu, kiasi kwamba ukitazama chini bado unaona vidole vya miguu. Inua mikono mbele hadi usawa wa mabega ukivuta pumzi puani kwa sekunde nne, ishushe kwa sekunde sita ukiitoa. Hizo ni pumzi sita kwa dakika. Wengi hujaza kifua kupita kiasi, wakapata kizunguzungu na ganzi vidoleni, kwa sababu hewa ya ukaa imepungua mno kwenye damu. Dawa yake ni kurudi kwenye pumzi ya kawaida, wala si kuvuta zaidi. Mwenye shinikizo la damu asibane pumzi hata kidogo.

Kinachoumiza goti ni kugeuka. Mtu huelemea mguu mmoja kwa uzito wote, kisha anazungusha kiwiliwili huku wayo umeganda sakafuni. Goti ni kama bawaba: kazi yake kukunja na kunyoosha, halivumilii kusokotwa. Hamishia kwanza uzito mguu wa pili, ule uliobaki mwepesi uuzungushe kwa kisigino, ndipo uurudishie uzito. Goti lielekee vinakoelekea vidole, siku zote. Asiyeweza kusimama afanye mikono na pumzi akiwa kitini. Mwenye kisukari avae raba za soli bapa, kwani nyayo zenye ganzi huumia bila mwenyewe kujua.

Malizia kwa dakika kumi za kukaa kimya, mgongo wima, ukihesabu pumzi moja hadi kumi na kuanza upya. Akili itatoroka, kuirudisha ndilo zoezi lenyewe, kwa hiyo asijilaumu mtu. Ukisinzia, fumbua macho nusu. Utulivu huu huwasaidia wengi kupata usingizi, na mwili unaokosa usingizi hushindwa kwa urahisi hata na mafua.

Mwenye homa apumzike. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi vya UKIMWI asiruke hata dozi moja kwa kuwa ameanza mazoezi. Hili tunaomba mliandike kila mnapogusia mada hii, tena ndani ya habari yenyewe, pamoja na dakika, mara kwa wiki, na idadi ya wiki.

Wakufunzi wa mazoezi ya wazee,
Tanga