Mkono wa Idi kwa Watu wa Sindano na Ukili

Assalamu alaykum, mama zangu, dada zangu, na nyinyi kaka wachache mnaotuvumilia.

Idi Mubarak. Minal aidin wal faizin. Mwezi umeandama, Mfunguo Mosi umeingia, na mchezo wetu wa herufi umefika mwisho bila watu kununiana, jambo ambalo tulipoanza sikulitarajia kabisa.

Kwa wageni mnaopokea salamu hizi pamoja nasi: tuliafikiana kwamba kila siku ya Ramadhani, baada ya kufuturu, kila mtu alete picha ya kitu cha kazi za mikono kinachoanza na herufi ya siku hiyo. Sharti ni moja, kitu kiwe chako au cha jirani, si picha ya kuokota mtandaoni. Herufi zetu ni 24 ukiweka CH mahali pa C, kwani Q na X hatunazo. Siku zilizobaki tukazigawia DH, GH, KH, NY na SH, na TH tukaiweka akiba mwezi ukitimia 30. Bibi yetu wa Pemba akauliza kwa nini tusianze na alifu, be, te za Kiarabu, maana zile ni 28 na zinakaribia siku za mwezi bila kuungaunga. Hakukosea. Tenzi za zamani za pwani ziliandikwa kwa hati hiyohiyo. Mchezo wa mwakani tumemwachia yeye.

A na B zilipita kimya: almaria, bafta, basi. K ndiyo iliyoleta mafuriko, kofia, kawa, kikapu, kipepeo, kanzu, mpaka simu zikapata moto. Kimbembe kilikuwa E. Baada ya ubishi mrefu tulilipokea embe lililopigwa picha juu ya uzi wa rangi yake, na hadi leo wapo wanaosema tulipendelea. Siku ya I tulipata kopo la iliki lililojaa shanga. Siku ya O ikaja beseni yenye povu la Omo, na ndani yake kofia ya vito, ile ya vitundu vya kudarizi, inaloweka.

Hiyo kofia ndiyo iliyonikaa moyoni. Dada yetu alikuwa akiishona kwa ajili ya baba yake tangu kabla ya Rajabu: duara la juu, ukuta wa pembeni, na vitundu vidogo vinavyotobolewa kimoja kimoja kisha kuzungushiwa uzi, ili hewa ipite kichwani. Ukivitazama kwa karibu, vya mwanzo vimebanana na vya mwisho vimetulia. Mkono ulikuwa unajifunza njiani. Tulipofika W akaileta tena, safari hii imetiwa wanga, imevishwa bakuli lililofudikizwa, inakauka ikiwa imesimama. Leo asubuhi mzee ameivaa kwenye sala ya Idi.

Watu husema Ramadhani ni mwezi mzuri wa kushona kwa kuwa mtu umetulia. Mimi sikubali. Ikifika alasiri, na joto hili la kaskazi, jicho halioni tundu la sindano. Kazi ilikuwa baina ya tarawehe na daku, feni inazunguka, watoto wamelala. Waliofaidi jua ni watu wa ukindu, yale majani ya kusukia mikeka: siku ya R tuliona sufuria jikoni, rangi nyekundu inatokota, na chane zimetoka humo zikaanikwa uani. Aliyesubiri mpaka mvua ya kwanza ikadondoka, ukindu wake umeota ukungu, na analijua hilo.

Halafu KH: mto ulioshonwa kwa vipande vya khanga kuukuu. Jina la khanga lilikuwa limekatwa katikati, tukakesha tukilikisia.

Siku ya SH ikaja picha ya shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka, imeliwa na kutu kwenye tundu, mali ya jirani wa mwenzetu mmoja. Mama huyo anashona mikeka na misala ya kuuza. Ukili, ule mkanda wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, anausuka bila kuutazama, anamgombeza mjukuu huku vidole vinakwenda. Pale mchezo ulibadilika kidogo. Sisi tunashona kwa raha, yeye anashona kwa mchele. Na ni sisi hawahawa ambao sokoni tunamwambia apunguze bei, ilhali tunajua fika msala mmoja unakula ukili kiasi gani. Kwa hiyo zile fedha tulizochanga kwa zawadi ya mshindi zimeagiza misala kwake, kwa bei aliyotaja mwenyewe, na mshindi hayupo. Anayelalamika aje kwangu.

Mwezi ukatimia, TH ikafika, na watu wote kimya. Mmoja tu alituma kitunguu thomu kilichomenywa kwa ajili ya pilau. Tulikikataa kwa kauli moja.

Salamu kwa walioko Tanga, Mombasa na Lamu, na kwa ndugu yetu wa Maskati aliyetuma zari la joho siku ya Z, tukanyamaza sote. Mungu azikubali funga zenu, awarehemu waliotutangulia, awape wagonjwa afueni.

Sikukuu pili, baada ya alasiri, nyumbani kwangu. Kila mtu aje na kiporo chake, ile kazi aliyoiacha nusu kabatini, hata kama uzi wake haupatikani tena. Pilau ipo, na thomu itapokewa.