Majivu ya Laetoli yalitoka mlima gani?

Endulen, Ngorongoro

Mwalimu wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila baridi imetuandama na upepo wa mashariki haupumziki. Barua yako nimeipata, na swali la wanafunzi wako limenifurahisha mno: yale majivu ya volkano yaliyohifadhi nyayo za watu wa kale na wanyama hapa Laetoli yalitoka mlima gani?

Wengi watakujibu hapo hapo kwamba ni Sadiman. Ndivyo tulivyofundishwa, na haikuwa bure. Mlima huo uko kilomita kama 20 mashariki mwa Laetoli, yaani upande ule upepo unakotokea, na ni mzee wa kutosha. Aliyeutaja ni Richard Hay, mjiolojia Mmarekani aliyetembea makorongo ya Olduvai na Laetoli miaka mingi akichora ramani ya matabaka yake, na kazi yake namheshimu sana. Hata hivyo nakuomba usiliandike jibu hilo ubaoni kama jambo lililokwisha.

Waeleze kwanza jinsi tunavyofuatilia. Unaingia korongoni, unatafuta tabaka la majivu linalotambulika kwa rangi au kwa chembe zake, unapima unene, unaandika, kisha unahamia korongo la pili kulitafuta lile lile. Likizidi kuwa nene na chembe zikizidi kuwa kubwa, unajua unakaribia lilikotoka. Ila macho hayatoshi, kwa sababu majivu ya milima miwili yanaweza kufanana kabisa. Hapo unachukua kipande, unakikata chembamba hadi kipitishe mwanga, na kukiweka chini ya hadubini. Kioo cha volkano, yaani lava iliyopoa ghafla ikawa kama kioo, mara nyingi kimeshaharibika. Kule Olduvai maji ya magadi ya ziwa la kale yalikigeuza kuwa zeolaiti, madini ya aina nyingine. Kwa hiyo tunategemea fuwele za madini, ambazo hazibadiliki upesi, na kuzilinganisha na miamba ya mlima unaoshukiwa.

Na hapo ndipo Sadiman inapoleta shida. Majivu ya Laetoli yana asili ya madini yaitwayo melilaiti na madini ya chokaa. Mwaka 2011 mtafiti Anatoly Zaitsev na wenzake walichapisha walichokikuta kwenye miamba ya Sadiman: aina mbili za miamba ya volkano, nefelinaiti na fonolaiti, lakini mwamba wenye melilaiti hawakuuona, wala ule wa volkano wenye chokaa. Mimi naona hoja yao ni nzito. Ukaribu wa mlima haushindi ushahidi wa madini.

Wanafunzi watauliza, basi ni upi? Lemagarut, ule unaoonekana mkubwa ukisimama Laetoli, uutoe kabisa. Nyayo zina miaka milioni 3.66, na Lemagarut ulizaliwa zaidi ya miaka milioni moja baadaye. Ngorongoro vilevile. Milima hii michanga ilimwaga lava yake juu ya nchi ya zamani, na mimi naamini huenda chanzo tunachokitafuta kimelala chini yake.

Hilo tabaka la nyayo lenyewe, Mwalimu, ningetamani ulione. Unene wake ni sentimita kama 15 tu, lakini ndani mna vitabaka vyembamba chungu nzima, kimoja juu ya kingine, na juu ya baadhi kuna vishimo vya matone ya mvua, vingine vidogo kuliko punje ya mtama. Mvua iliyaloanisha majivu, watu na wanyama wakapita, ile chokaa ikayagandisha kama saruji, kisha majivu mengine yakaanguka juu. Oldoinyo Lengai, volkano pekee duniani leo inayotoa lava ya magadi, ndiyo iliyowasaidia wataalamu kuelewa jinsi majivu ya namna hiyo yanavyoshikana yakinyeshewa.

Ukiwaleta, waambie mapema kwamba njia ya nyayo iliyogunduliwa mwaka 1978 imefukiwa ili isiharibike, wasije wakavunjika moyo. Tutaanzia makumbusho ya Olduvai, kisha tushuke korongoni waone matabaka kwa macho yao. Wabebe madaftari, penseli na rula. Lenzi za mkononi nitawaazima. Nyundo waache nyumbani, huku hairuhusiwi kubomoa chochote bila kibali. Niandikie idadi yao na tarehe mnayoitaka, nianze kushughulikia ruhusa ya kuingia hifadhini.

Nisalimie nyumbani, na shikamoo nyingi kwa mama.

Wako daima,
rafiki yako wa mawe